Mafunzo ya naloksoni kazini: kuna aliyepitia?

Ndugu zangu, hamjambo. Nimepata kazi ya ulinzi kwenye jengo la makazi hapa Marekani, na bosi anataka niende mafunzo ya naloksoni, dawa ya kumwokoa mtu aliyezidisha dawa za kulevya kama heroini. Siku yangu ya mapumziko, jamani! Mimi si daktari. Nikimgusa mtu akafa, si nitashtakiwa?

—

Kaka, nenda. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye makao ya wasio na nyumba. Kilichonishtua darasani ni mkoromo. Mtu anakoroma kama ana maji kooni, wewe unadhani kalala fofofo, kumbe pumzi inakatika. Mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya pini. Kwa ngozi nyeusi usingoje kuona ubluu. Tazama midomo na fizi, zinageuka kijivu.

Mwite kwa sauti, msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, piga 911, mpulizie Narcan, yaani naloksoni ya kupuliza, pua moja, kisha mpe pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano. Dakika mbili tatu zikipita kimya, fungua ya pili, pua nyingine. Ila usiijaribu kwanza! Kila moja ina dozi moja tu. Mwenzangu aliimalizia hewani.

Kama hakutumia heroini, fentanili wala jamaa zake, naloksoni haimdhuru. Sheria za majimbo mengi humlinda anayeita msaada, lakini soma ya jimbo lako, hasa sisi ambao makaratasi bado yanasubiri.

—

Shikamooni wakubwa. Naongezea: akizinduka asiondoke. Naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kuwa bado imo mwilini. Wa kwetu aliamka na arosto, akatutukana matusi yote. Nilikaa naye kwenye ngazi tukibishana mpira mpaka gari la wagonjwa likafika.

—

Asanteni sana. Nimejiandikisha Jumamosi. Nasikia tangu 2023 Narcan inauzwa bila cheti cha daktari, basi nitanunua na ya kwangu. Naweza kuiweka kwenye gari?

—

Hapana kaka, baridi ya huku itaigandisha. Tembea nayo mfukoni.