Desktop inajizima na kujiwasha yenyewe wakati inawaka, ikishaingia Windows haisumbui tena

karatasi_nyeupe:
Habarini wakuu, naombeni msaada maana hapa akili imegota. Nina kompyuta ya mezani ina miaka kama saba hivi, haijawahi kunisumbua, ila sasa ni wiki ya tatu nikibonyeza kitufe inaanza vizuri tu, feni zinazunguka, nembo ya madabodi (ile bodi kuu ya mashine) inatokea, halafu ghafla tap inakata na kujiwasha tena yenyewe wala sijagusa kitu. Kuna siku inafanya hivyo mara moja tu, kuna siku mara nne tano mfululizo mpaka naogopa itaungua, na haina sehemu maalum ya kukatia, mara inakata kabla kioo hakijaonyesha chochote, mara inafika pale Windows inapozungusha vidoti ndo inakata. Asubuhi ndo balaa zaidi. Ila ikishaingia imeingia, nafanya kazi kutwa nzima na usiku nacheza gemu zito kabisa na haizimi hata kidogo.

Nimeshapiga Windows upya mara mbili, nimeskani virusi, nimefungua mfuniko nikapuliza vumbi, hamna kilichobadilika. Hakuna ujumbe wa kosa, inakata tu kama mtu kachomoa waya. Kuna mtu kaniambia madabodi imekwisha nitafute mashine nyingine, na kazi yangu yote ya utafiti imo humo ndani. Sitaki kununua kitu kwa kubahatisha. Naanzia wapi?

Bisibisi7:
Pole sana mkuu. Kabla ya yote, leo hii ikiwaka tu hamishia hiyo kazi kwenye flashi, tena weka sehemu mbili. Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa mafaili yanaweza kuharibika na wewe unakatiwa mara nne kwa asubuhi moja.

Halafu acha kupiga Windows. Umesema mwenyewe kuna wakati inakata kabla kioo hakijaonyesha kitu, hapo Windows haijaguswa hata, ni BIOS (programu ya mwanzo iliyo kwenye madabodi yenyewe) bado inakagua prosesa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na programu ambayo haijaanza kusomwa haiwezi kuzima mashine. Kesho asubuhi mashine ikiwa imepoa, washa, bonyeza Delete au F2 uingie BIOS, halafu usifanye chochote, kaa humo dakika ishirini unaitazama. Ikikata ukiwa humo basi kesi ya Windows imefungwa, tunatafuta kwenye vyuma.

Na ili tujue kama hakuna kioo cha bluu, kile cha kosa la Windows, kinachopita haraka usikione, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki pale Automatically restart. Baada ya hapo Windows ikianguka yenyewe itasimama ikuonyeshe kosa badala ya kuristati. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power 41, usishtuke, ile inasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, haisemi nani kaizima. Tazama BugcheckCode iliyomo ndani yake, ikiwa 0 maana yake Windows haikurekodi kuanguka kokote na hapo macho yote yanaelekea kwenye umeme.

pepo_baridi:
Mi naona ni joto hilo. Yangu ilikuwa inakata hivyohivyo, nikakuta pini mbili za plastiki zinazobana feni ya prosesa zimechomoka, hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) imekaa upande, nikasafisha pesti ya zamani ya kupitisha joto nikapaka mpya na kuibana vizuri ikapona kabisa. Angalia hapo kwanza ni kazi ya nusu saa.

waya_wa_kijivu:
Pepo baridi, kuangalia hitisinki siyo vibaya lakini soma tena alichoandika. Asubuhi ikiwa ya baridi ndo inasumbua, ikishapata moto inatulia hata kwenye gemu. Joto linafanya kinyume chake. Prosesa ikizidiwa inapunguza kasi kwanza, ikifika kiwango cha hatari, kwa nyingi ni karibu na nyuzi 100, ndo inakata, na hiyo ungeiona ukiwa katikati ya gemu, siyo sekunde tatu baada ya kuwasha kitu kilicholala usiku kucha.

Kinachosumbua kikiwa baridi na kutulia kikipata moto, mimi nashuku pawa saplai, lile boksi linaloleta umeme ndani ya mashine, kabla ya kitu kingine chochote. Ngoja nieleze maana wengi wanabadilisha vitu bila kujua kwa nini. Pawa saplai haitoi umeme tu, inatoa pia ishara ya kuiambia madabodi kwamba umeme umetulia, anza kazi. Kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 ishara hiyo inapita pini ya 8, kwa kawaida ni waya wa kijivu. Ukibonyeza kitufe, pawa saplai inapandisha voliti zake, inasubiri zitulie, halafu ndani ya kama milisekunde 100 mpaka 500 inatuma ishara. Ishara ikikatika hata kidogo tu madabodi inashikilia prosesa kwenye risti, yaani inaizuia isifanye kazi, na ishara ikirudi inaanza upya toka mwanzo. Ukiwa umekaa pale unaona kitu kimoja tu, mashine imejiristati.

Sasa ndani ya pawa saplai kuna kapasita zenye maji ya kemikali, kazi yake ni kulainisha umeme. Miaka inavyokwenda hayo maji yanakauka, na kapasita iliyozeeka ukinzani wake wa ndani unakuwa mkubwa zaidi ikiwa baridi, inashindwa kulainisha umeme, voliti zinayumba, ishara inakatika. Kila jaribio linaipasha moto kidogo, mpaka jaribio la nne au la tano inashika. Ndo maana inawaka "kwa bahati". Wala siyo bahati.

Ila usinunue bado. Kuna vitu viwili vya bure vya kuondoa kwanza, RAM na swichi. Chomoa waya wa umeme ukutani kwanza, shika chuma cha boksi kuondoa umeme tuli, toa RAM zote, rudisha moja tu, bonyeza mpaka vishikizo vilie, jaribu asubuhi hiyo moja, kesho yake nyingine. Halafu zile waya nyembamba zinazotoka kwenye vitufe vya mbele kwenda madabodi, ya kuwashia na ya kuristati, zichomoe zote mbili, gusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi sekunde moja tu, itawaka. Kitufe cha risti kilichonasa ndani kinaleta ugonjwa huohuo kabisa na watu wameshatupa madabodi nzima kwa sababu yake, inaniuma sana nikisikia hivyo.

zulia_jekundu:
Samahani naingilia, yangu inaristati pia ila siku zote palepale, vidoti vikizunguka kama mara tatu, na kwenye BIOS naweza kukaa hata saa nzima. Ni ugonjwa mmoja?

Bisibisi7:
Zulia, hapana, huo ni mwingine. Inayokata sehemu ileile kila mara na BIOS inatulia, hapo kweli Windows au draiva (programu inayoendesha kifaa) inahusika. Zima kwa nguvu mara mbili tatu inapoanza kupakia itakuletea ukurasa wa matengenezo, ingia Startup Settings, chagua namba 9 izuie kuristati usome kosa, au 4 uingie Safe Mode, yaani Windows yenye vitu vya lazima tu. Ikiingia Safe Mode bila shida, toa draiva ya kadi ya picha uweke upya. Fungua mada yako tukusaidie vizuri, tusimchanganye mwenzetu.

karatasi_nyeupe:
Wakuu nimerudi, asanteni mno, kazi yote nimeshaihamisha nimelala usingizi jana. Majibu ni haya. Nimekaa BIOS asubuhi, dakika ya sita ikakata. Nimetoa RAM moja moja siku mbili, inakata na zote mbili. Nimechomoa waya za vitufe nikawasha kwa bisibisi kama ulivyosema, mkono ulikuwa unatetemeka kwelikweli, ikawaka na ikakata vilevile. Hitisinki imebana vizuri.

Halafu nikaazima multimita nikapima voliti za pawa saplai, waya wa njano ukanipa 12.1, mwekundu 5.03, wa rangi ya chungwa 3.31. Sasa nimevunjika moyo maana nimesoma ziko sawa. Ina maana ni madabodi kweli?

waya_wa_kijivu:
Usivunjike moyo, hizo namba hazijaisafisha pawa saplai. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu na chini, yaani njano 11.4 mpaka 12.6, nyekundu 4.75 mpaka 5.25, chungwa 3.14 mpaka 3.47, kwaiyo ndiyo uko ndani. Lakini multimita inakupa wastani, inasoma mara chache tu kwa sekunde, na sisi tunatafuta kitu kinachotokea ndani ya milisekunde. Multimita ikikuonyesha vibaya iamini, ikikuonyesha vizuri bado hujui. Na nakisia umepima mashine ikiwa imeshapata moto?

Kilichobaki ni kuazima pawa saplai nyingine inayojulikana ni nzima, hata ya mtu mwingine kwa asubuhi mbili. Ukiifunga hakikisha plagi ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 4 au 8 juu kushoto zimeingia mpaka mwisho, hiyo ya prosesa watu wanaisahau. Nayo ikikata asubuhi, hapo ndo tuanze kuiongelea madabodi.

karatasi_nyeupe:
Ndiyo, nilipima mchana ikiwa imewaka masaa kadhaa. Naazima kwa rafiki yangu, nitarudi.

karatasi_nyeupe:
Wakuu!! Leo ni asubuhi ya nne na pawa saplai ya kuazima, kila siku inawaka mara ya kwanza, haijakata hata mara moja. Jana nilirudisha ya zamani mchana makusudi nikaiacha usiku kucha, leo alfajiri ikakata mara tatu, nikafunga ya kuazima tena ikawaka moja kwa moja. Nimechungulia ya zamani kwa tochi kupitia matundu ya feni, kuna kapasita mbili vichwa vimevimba na moja ina ukoko wa kahawia. Madabodi ilikuwa inasingiziwa bure. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hela ya mashine nzima, Mungu awabariki sana. Swali la mwisho, hii ya zamani nikiifungua nikabadilisha zile kapasita mwenyewe itafaa?

Bisibisi7:
Safi sana, hilo jaribio la kurudisha ya zamani ndo ushahidi wenyewe, wengi hawafanyi.

waya_wa_kijivu:
Nimefurahi mno kusikia. Ila kuifungua mwenyewe hapana, tafadhali. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inabaki na chaji hata ukiwa umeshachomoa waya, ni mamia ya voliti zile, na zinaua. Mpe mtu mwenye vifaa vya kuitoa chaji au achana nayo.

Na kitu kimoja utakaponunua mpya. Kama ni ya aina ambayo waya zinachomeka pande zote mbili, usiache waya za zamani ndani ya boksi ukachomeka pawa saplai mpya ili kurahisisha kazi. Upande wa madabodi plagi zinafanana kwa zote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, waya wa zamani unaweza kuingia vizuri kabisa na kupeleka voliti 12 kwenye diski mahali pa 5, inaungua hapohapo na kazi yako yote. Toa waya zote za zamani, hata ile ndefu ya diski inayochosha kuipitisha nyuma ya boksi.