Mradi wa utafiti mwaka wa tatu: maji ya Mirongo, konokono wa kichocho au dagaa wa Igombe?

BintiNyakato
Habari za jioni wakuu, na wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa tatu, shahada ya sayansi upande wa biolojia. Muhula ujao nafanya mradi wa utafiti chini ya msimamizi, na nina wiki 14 tangu pendekezo lipite mpaka ripoti ikabidhiwe. Fedha ni hii hii ya bumu, posho ya mkopo wa wanafunzi. Kipindi chote nitakuwa nyumbani Mwanza, kwa hiyo nataka kazi inayohusu ziwa.

Nimebakiwa na njia tatu. Kuna kupima maji ya mto Mirongo unapopita mjini mpaka unapomwaga ziwani. Msimamizi wake ni profesa mwenye jina, ana maabara nzuri na kemikali atanipa, ila wanasema husafiri mno. Kuna konokono wanaoeneza kichocho kwenye fukwe za Ilemela, na huko msimamizi ni mhadhiri kijana anayeshinda maabara. Halafu kuna wazo langu mwenyewe: kulinganisha dagaa wanaoanikwa mchangani na wale wa kwenye chanja pale Igombe. Kwa hili nimempata msimamizi aliye tayari, lakini hana fungu lolote. Mama yangu anauza dagaa, na nimekua nikiona wateja wanarudisha mzigo kwa sababu ya mchanga.

Mngechukua ipi, na kwa nini?

FundiMaabara
Hongera kwa kufika hapo, mdogo wangu. Niongelee maji, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Ukisema unapima maji bado hujasema kitu. Unapima nini? Ukichagua bakteria wa kinyesi, chupa zitakaswe kwanza, ziingie kwenye barafu pale pale mtoni, na uzichuje ndani ya saa sita. Kichujio unakilaza kwenye chakula cha bakteria, unaingiza kwenye inkubeta, sanduku la joto, ya nyuzi 44, kesho yake unahesabu madoa ya bakteria waliozaliana. Kawaida tunachuja mililita 100, lakini kwa mto unaopita kwenye makazi kama Mirongo madoa yataungana yawe zulia moja. Lazima uyazimue maji mara 100, pengine mara 1,000. Na umeme ukikatika usiku, kazi ya siku nzima imekufa.

Kupima oksijeni iliyo ndani ya maji hakuhitaji umeme. Unajaza chupa mpaka juu pasibaki hata povu moja, unatia manganizi salfeti, kisha ayodaidi yenye alkali. Maji yenye oksijeni yanaangusha mashapo ya kahawia. Yasiyo nayo, dalili ya uchafu mwingi, mashapo yanabaki meupe. Mara ya kwanza kuona meupe kwenye chupa niliyoijaza mtoni kwa mkono wangu, nilikaa nayo muda mrefu nikiwaza watoto wanaoogelea kule chini.

Mimi mradi wowote naupima kwa swali moja: nikiharibu sampuli, nitaipata tena lini? Mirongo jibu ni kesho asubuhi. Ila mvua moja ya vuli inabadilisha kila namba, kwa hiyo andika mvua ya kila siku.

DadaKayenze
Swali hilo la Fundi lingeniokoa. Nilifanya konokono.

Tuliokota kwa chekeche zaidi ya mia mbili, nikamweka kila mmoja kwenye kichupa chake chenye maji safi, kwenye mwanga tangu asubuhi, kwa sababu vijidudu vya kichocho cha tumbo hutoka ndani ya konokono mchana. Saa saba mchana nikaweka kichupa cha kwanza chini ya darubini. Hakuna kitu. Nikaenda mpaka cha mwisho, hakuna. Nilikuwa natafuta serkaria, kale kamdudu kenye mkia uliogawanyika kama panda ya manati, na sikumwona hata mmoja. Kumbe ni jambo la kawaida, konokono walioambukizwa huwa wachache. Mimi nilidhani nimefeli.

Msimamizi wangu alikuwa chumba cha pili. Alikuja, akatazama vichupa, akasema: badili swali. Acha kuuliza wangapi wameambukizwa, uliza wanakaa wapi. Maana ziwa hili lina Biomphalaria sudanica wanaopenda kwenye mafunjo na matete, na Biomphalaria choanomphala wanaokaa chini kwenye mchanga wa ziwa lenyewe. Konokono wale wale mia mbili wakawa mradi kamili.

Sasa linganisha na rafiki yangu wa chuo kingine. Msimamizi wake alisafiri, wiki sita barua pepe hazijibiwi. Sura ya matokeo ilirudi siku mbili kabla ya kukabidhi, imejaa wino mwekundu. Alilia, na alikuwa na akili kunizidi.

Ukienda huko, buti za mpira na glavu siku zote. Usiingie majini na ndala kwa sababu wenyeji wanaingia.

Kirumba4
Naona tofauti na dada hapo juu. Profesa mwenye jina akikuandikia barua ya kuombea shahada ya pili, mlango unafunguka. Mtu anavumilia wiki 14.

DadaKayenze
Kaka, barua ya mtu asiyewahi kuiona kazi yako inakuwa na mistari minne. Nimeziona.

MzeeWaGiza
Marahaba binti. Mimi sikusoma chuo, nimevua dagaa tangu tukitumia karabai mpaka sasa hizi taa za sola.

Huyo fundi ameuliza sampuli utaipata tena lini. Kwa dagaa, jibu analo mwezi. Dagaa ni wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, mitumbwi inalala na chanja zinabaki tupu. Katika wiki zako 14 mwezi mpevu utakuja mara tatu, pengine nne. Kaa na kalenda ya mwezi kabla ya kumpelekea msimamizi tarehe zako.

Jingine, ukifika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anzia kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, na barua ya chuo mkononi. Ukianza kushikashika dagaa wa akina mama bila salamu watakuona mtu wa ushuru, na kuanzia hapo hutaambiwa ukweli wowote.

MwalimuCapri
Nimesimamia wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa muda, na hili la dagaa nimelipenda, ila kama lilivyo sasa litakusumbua. Ukinunua dagaa wa mchangani kwa mama mmoja na wa chanja kwa mwingine, umelinganisha wanawake wawili, hukulinganisha njia mbili. Chukua dagaa wa mtumbwi mmoja, asubuhi moja, gawa nusu kwa nusu: nusu mchangani, nusu kwenye chanja, jua lile lile. Rudia asubuhi nyingine kadiri giza litakavyokuruhusu.

Unyevu ni rahisi: pima uzito, weka kwenye tanuri la nyuzi 105, toa, pima, rudisha, mpaka uzito usishuke tena. Na mchanga unaomsumbua mama yako unapimika vilevile. Unachoma sampuli mpaka iwe majivu, unatia asidi ya haidrokloriki na kupasha moto. Majivu ya samaki mwenyewe, ya mifupa na chumvi, yanayeyuka. Kinachobaki ni mchanga. Unaupima kwa gramu, unauandika.

Andika pia tarehe, mwalo na hali ya hewa hata kama hakuna anayekuuliza. Kuanzia 1977 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden lilikuwa hapa Ghuba ya Mwanza likihesabu na kuchora furu, samaki wadogo wa aina nyingi wa ziwa hili, mmoja wakampa jina la Mwalimu Nyerere, Haplochromis nyererei. Miaka ya 1980 sangara wakajaa na furu wengi wakatoweka. Leo tunajua tulichopoteza kwa sababu daftari zao zilikuwa na tarehe na mahali.

Kuhusu fungu: tanuri na mizani karibu kila maabara ya sayansi inavyo. Omba siku mbili kwa wiki, kwa maandishi.

BintiNyakato
Asanteni sana. Mwalimu, hilo la asidi sikulijua kabisa, nilikuwa nimepanga kuwauliza wateja kwa dodoso kama mchanga ni mwingi au kidogo.

Leo nimemfuata yule mhadhiri wa konokono, nikamweleza wazi kwamba nachukua dagaa. Hakukasirika. Tanuri lake atanipa Jumatatu na Alhamisi. Msimamizi wangu amekubali tugawe mzigo wa mtumbwi mmoja, ila anataka asubuhi sita zisizopungua.

Mzee, nimeangalia kalenda. Wiki niliyokuwa nimepanga kuanza ilikuwa mbalamwezi tupu.

MzeeWaGiza
Basi anza siku tano baada ya mwezi mpevu, mwezi unachelewa kutoka na mitumbwi inapata saa za kutosha. Fika mwaloni kabla jua halijachomoza, wakati wanashusha.

FundiMaabara
Na bakuli za kauri uziandike namba kwa penseli. Wino wa kalamu unaungua tanurini.

BintiNyakato
Nimeandika yote. Mama ameuliza nitachoma dagaa wangapi, nikamwambia gramu tano kwa kila sampuli. Ameshanitengea debe zima.