Waziri mkuu wa jimbo aliyegeuka jaji: aliaminiwa vipi?

Mwanamjadala, Kisumu

Salaam kwenu nyote. Chama chetu cha mjadala hapa Kisumu kitajadili iwapo mwanasiasa anafaa kuwa jaji, nami nimemchagua John Foster McCreight kuwa mfano wangu. Alizaliwa Ireland mwaka 1827, akafanya uwakili Australia kabla ya kuhamia Victoria, mji wa British Columbia iliyoko Kanada ya leo, mwaka 1860, na mnamo Novemba 1871 akawa waziri mkuu wa kwanza wa British Columbia, miezi michache tu baada ya jimbo hilo kujiunga na Kanada. Bunge lilimwangusha Desemba 1872, lakini mwaka 1880 akateuliwa kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo hilo. Je, mtu aliyekwisha kukataliwa na wabunge alipewaje mamlaka ya kuwahukumu wananchi wale wale?

Wakili Mstaafu, Nakuru

Mwanangu, anza na swali la nani alimteua. Kwa Katiba ya Kanada ya mwaka 1867, majaji wa mahakama za juu za majimbo huteuliwa na serikali ya taifa iliyoko Ottawa, wala si na jimbo lenyewe, na jaji hudumu maadamu mwenendo wake ni mwema. Wabunge waliomwangusha McCreight hawakuwa na mkono katika uteuzi wake, na hawakuwa na uwezo wa kumng'oa kwa kura kama walivyofanya alipokuwa kiongozi wao. Waziri mkuu wa jimbo mwaka ule wa 1880 alikuwa George Walkem, aliyewahi kuwa waziri katika baraza la McCreight, na yeye pia akaishia kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo mwaka 1882.

Usisahau vilevile kwamba uongozi wenyewe hakuupata kwa kuvuma majukwaani. Luteni Gavana Joseph Trutch, mwakilishi wa Malkia katika jimbo, ndiye aliyemchagua, ingawa hakuwa na uzoefu wa siasa, huku akiwaacha nje Amor De Cosmos na John Robson, watu waliopigania kwa miaka serikali inayowajibika kwa bunge. Walimwona McCreight kuwa kivuli cha Trutch, na kwa maoni yangu hawakukosea sana, kwa maana Trutch alizoea kuhudhuria vikao vya baraza la mawaziri. Alipoanguka, De Cosmos ndiye aliyechukua nafasi yake. Kwa hiyo kilichokataliwa bungeni ni mpangilio ule wa utawala, si ujuzi wake wa sheria.

Mwalimu wa Historia, Kakamega

Mzee wangu wa Nakuru amefafanua vizuri, ila naona amemhurumia mno. Ni kweli kwamba chini ya McCreight ilipitishwa sheria ya elimu ya mwaka 1872, iliyoweka shule za umma zisizofungamana na dhehebu lolote. Lakini bunge hilo hilo, mwaka huo huo, lilipitisha sheria ya kuwanyima kura Wachina na wenyeji asilia, ambao ndio waliokuwa wengi katika jimbo. Mchina aliyefika mbele ya Jaji McCreight alisimama mbele ya mtu aliyeongoza serikali wakati haki yake ya kura ilipoondolewa. Hoja hiyo ina uzito kuliko habari ya kuangushwa kwake, na ningekushauri uijenge mjadala wako juu yake.

Mwanamjadala, Kisumu

Asante, Mwalimu. Asante pia, Mzee. Je, tunao mfano wa kwetu ambao wasikilizaji wataufahamu upesi?

Wakili Mstaafu, Nakuru

Upo. Chunilal Madan alikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria enzi za ukoloni, akawa jaji mwaka 1961, na hatimaye Jaji Mkuu kati ya 1985 na 1986. Katika Mahakama ya Juu ya sasa yupo Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa na ndiye aliyeasisi mswada wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Tofauti ni kwamba yeye alipita mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama, akahojiwa hadharani, ilhali McCreight hakuhojiwa na mtu. Alipelekwa Cariboo, nchi ya machimbo ya dhahabu, kisha New Westminster, akastaafu mwaka 1897 na kufia Uingereza mwaka 1913.