Kwa nini mabango ya Marekani ya karne ya 19 yana herufi za aina nyingi kiasi kile?

Maigizo Bagamoyo (muuliza swali)

Wanajukwaa, habari zenu. Naandika kutoka Bagamoyo, ambako kikundi chetu cha maigizo kinaandaa onyesho kuhusu mji huu katika miaka ya 1870 na 1880, wakati misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikiteremka kutoka bara na kufikia pwani yetu. Wenzangu wamependekeza kwamba bango la onyesho liige mtindo wa mabango yaliyochapwa Marekani katika enzi hiyohiyo: yale marefu na membamba, yaliyojaa maandishi kutoka juu hadi chini, kila mstari ukiwa na herufi za namna yake, mmoja mnene, wa pili umebanwa hadi ukarefuka, wa tatu una miguu mizito na nakshi pembeni.

Nimetazama picha nyingi za mabango hayo, ya sarakasi, ya majumba ya tamthilia, ya wauza kofia na ya wapiga picha wa mijini, na yananivutia sana. Hata hivyo sipendi kuiga jambo nisilolielewa. Je, mafundi wale walichanganya herufi kwa ajili ya urembo tu, au kulikuwa na sababu ya kikazi? Mpita njia aliwezaje kusoma maneno mengi namna ile akiwa amesimama barabarani? Na kwa nini mabango ya mwishoni mwa karne yanabadilika kabisa, maandishi yakapungua na picha kubwa za rangi zikachukua nafasi yake? Nitashukuru kwa maelezo ya yeyote mwenye ujuzi wa kazi ya chapa au wa historia yake.

Fundi Chapa, Tanga

Ndugu yangu wa Bagamoyo, nitakujibu kwa upande wa karakana, kwa sababu huko ndiko sehemu kubwa ya jibu iliko. Mimi nilijifunza kazi hii hapa Tanga wakati herufi bado zinapangwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na aliyewahi kupanga herufi kwa vidole vyake hulitazama bango la namna hiyo kwa jicho tofauti.

Herufi za kawaida za chapa zilikuwa za risasi. Kwa kitabu au gazeti risasi inafaa, lakini herufi yenye urefu wa kiganja ikimiminwa kwa madini hayo huwa nzito mno, hugharimu fedha nyingi, na uso wake haupoi sawasawa, hivyo hubonyea na kuchapa kwa mabaka. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kutumia mashine yenye ncha inayozunguka kwa kasi ili kuchonga herufi za mbao kwa wingi, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake. Mwaka 1834 William Leavenworth akaiunganisha mashine ya namna hiyo na pantografu, kifaa ambacho fundi hufuatisha kielelezo kimoja kwa ncha butu, na ncha nyingine yenye makali ikachonga umbo lilelile kwa kipimo anachokitaka. Ubao wenyewe ulikatwa kwa kukingama, yaani uso wa herufi ulikuwa ule unaouona kwenye kichwa cha gogo, si ule wa ubavuni, kisha ukasuguliwa hadi ukalainika kabisa. Uso wa namna hiyo haupasuki kufuata nyuzi za mti, na ndiyo maana herufi moja iliweza kuchapa maelfu ya karatasi.

Baada ya hapo wachongaji walishindana kutoa maumbo mapya kila mwaka, na wenye viwanda vya chapa wakayanunua. Lakini kuwa na maumbo mengi hakumlazimu mtu kuyatumia yote kwenye karatasi moja. Kilichomlazimu ni mambo mawili.

La kwanza ni upana. Mistari yote hufungwa pamoja ndani ya fremu ya chuma, na kila mstari lazima ujae upana wa fremu ili ukazwe na usitikisike. Siku hizi kompyuta hupunguza au kukuza herufi kwa kubonyeza tu, ilhali herufi ya mbao haipungui wala haiongezeki. Kwa hiyo neno refu lilipangwa kwa herufi zilizobanwa na neno fupi kwa herufi zilizotanuka, na ule mchanganyiko unaouona ni fundi akiyalinganisha maneno aliyopewa na nafasi aliyonayo.

La pili ni idadi. Karakana ndogo haikuwa na herufi za kutosha za umbo moja kujaza bango zima. Chukua maneno TAMASHA LA SANAA peke yake: yanataka A 7. Kama sanduku la herufi hizo lina A 5 tu, utafanya nini? Utapanga TAMASHA kwa umbo moja, uchukue sanduku jingine kwa LA, na jingine tena kwa SANAA. Wachongaji walilijua tatizo hili, hata wakawa wanauza maneno mafupi ya Kiingereza ya kuunganishia yakiwa yamechongwa kwenye kipande kimoja cha ubao, pamoja na nakshi zake, ili yajaze pengo katikati ya mistari mikubwa.

Kuhusu usomaji, bango lile halikukusudiwa lisomwe kwa pumzi moja. Ukiwa ng'ambo ya barabara unapata maneno matatu au manne tu: aina ya burudani, jina la mchezaji mkuu, siku. Ukivutiwa unasogea, na hapo ndipo unapokutana na mpangilio wa michezo, saa ya kufunguliwa milango na bei za viti. Ukubwa wa kila mstari ulipimwa kwa umbali wa msomaji, na hilo ndilo ningekuomba ulichukue kuliko jambo jingine lolote.

Mwalimu wa Historia

Ahsante, Fundi, maelezo yako yamenifungua macho. Napenda kuongeza upande wa mji wenyewe, kwa kuwa mabango yale hayakubandikwa mahali pasipo na matangazo mengine.

Gazeti la New York Herald, lililoanzishwa na James Gordon Bennett mwaka 1835, kwa miaka mingi liliwakatalia watangazaji herufi kubwa na picha, ili tajiri asimfunike mwenye duka dogo. Watangazaji walitafuta njia ya kuizunguka amri hiyo. Katika miaka ya 1850 Robert Bonner, mwenye gazeti la hadithi la New York Ledger, alilipia safu nzima na kurudia ndani yake maneno yaleyale mstari baada ya mstari. Ukutani hapakuwa na amri kama hiyo, na ndiko sauti kubwa ilikohamia. Kwa sisi wa pwani gazeti hilo si geni kabisa: ndilo lililomtuma Henry Morton Stanley kumtafuta Livingstone, na msafara wake uliondoka Bagamoyo mwaka 1871.

Aliyeielewa sanaa hii kuliko wote alikuwa P. T. Barnum, mwenye makumbusho ya maajabu katika mtaa wa Broadway, New York, ambayo kiingilio chake kilikuwa senti 25. Mwaka 1850 alimleta mwimbaji wa Sweden, Jenny Lind, na kabla hajafika alikuwa amekwisha kuujaza mji habari zake. Tiketi ya kwanza iliuzwa kwa mnada, na aliyeinunua kwa dola 225 alikuwa John Genin, muuza kofia ambaye duka lake lilikuwa jirani na makumbusho hayo. Magazeti yalieneza jina lake nchi nzima na watu wakamiminika kununua kofia. Hapo utaona kwamba burudani na biashara za mjini zilikuwa zikitangazana.

Hata hivyo, Ndugu Maigizo, yapo mambo mawili katika urithi huu ambayo nakusihi usiyabebe. Mwaka 1842 Barnum alitangaza kwamba ana nguva kutoka Fiji, akasambaza picha za wanawake warembo wenye mikia ya samaki. Walioingia walikuta kitu kikavu, kiwiliwili cha nyani kilichounganishwa na mkia wa samaki. Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba ni werevu wa kusifiwa. Mimi nakiona kuwa ni dhuluma kwa mtu aliyetoa senti zake kwa imani, na kikundi kinachotegemea majirani zake hakiwezi kujenga jina kwa njia hiyo.

La pili ni zito zaidi. Kuanzia miaka ya 1840 burudani moja iliyopendwa sana Marekani ilikuwa ya Wazungu waliojipaka nyuso rangi nyeusi ili kuwadhihaki watu weusi, na mabango yake yako katika mikusanyo hiyohiyo unayoitazama, yakiwa yamechapwa kwa ustadi uleule. Katika magazeti ya majimbo ya watumwa kulikuwa pia na vichongo, yaani picha ndogo za kuchongwa kwa ajili ya chapa, vya mtu anayekimbia na mzigo begani, ambavyo mchapaji aliviweka tayari kwa matangazo ya kusaka watumwa waliotoroka, kama alivyoweka tayari vichongo vya meli na vya farasi. Katika mji kama Bagamoyo, ambao umeshuhudia minyororo, chagueni kila umbo mkijua lilitumika kwa kazi gani.

Kama mnataka uzi wa kweli unaoziunganisha pande hizi mbili, mnao tayari. Sehemu kubwa ya pembe zilizopita kwenu na Zanzibar zilisafirishwa hadi Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vipande vya kufunika vibao vya piano. Piano zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotangazwa kwa bidii kubwa. Kampuni ya Steinway ilifungua ukumbi wake wa tamasha jijini New York mwaka 1866, na kila aliyekwenda kusikiliza muziki pale alikuwa pia anaonyeshwa piano. Mpagazi aliyebeba pembe hadi pwani hakutajwa katika tangazo lolote la namna hiyo. Onyesho lenu linaweza kumtaja.

Msanifu Kijana, Tanga

Shikamooni, Fundi na Mwalimu. Naheshimu yote mliyosema, lakini nina wasiwasi. Siku hizi bango husomwa kwenye simu kabla ya kuonwa ukutani, na kwenye kioo kidogo mistari 20 yenye herufi za aina kumi huwa vumbi tupu. Ningeshauri mistari mitano tu na rangi mbili.

Maigizo Bagamoyo

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mwalimu, jambo la mpagazi nimelifikisha kwa wenzangu, na tumekubaliana kwamba mstari mkubwa kuliko yote usiwe jina la kikundi bali WAPAGAZI WA PEMBE, halafu neno PIANO lifuate chini yake kwa herufi pana, ili msomaji ajiulize vimehusianaje na asogee karibu. Mdogo wangu Msanifu, hoja yako ina uzito. Tutatengeneza toleo fupi la simu, na la ukutani litabaki refu. Fundi, bado nina hamu ya kujua kuhusu zile picha za rangi.

Fundi Chapa, Tanga

Marahaba, Msanifu. Mistari mitano kwa simu ni sawa kabisa.

Ndugu Maigizo, picha za rangi zilitokana na chapa ya mawe, yaani lithografia, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Msanii huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililolainishwa, kisha jiwe hulowanishwa kwa maji. Penye mchoro maji hukataa na wino hushika. Pasipo na mchoro maji hukaa na wino hukataa. Mchoraji hafungwi tena na fremu wala na idadi ya A sandukuni. Anaweza kuipinda herufi juu ya mgongo wa tembo akitaka. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na karatasi ilipita kwenye kila jiwe kwa zamu, ikilengwa ili rangi zisipishane. Louis Prang wa Boston alitumia zaidi ya mawe 20 kwa baadhi ya picha zake.

Kwa kazi ya sarakasi, kampuni ya chapa ya Strobridge ya Cincinnati ilijulikana kuliko wengi. Kwa kuwa sarakasi zilisafiri kwa reli, behewa la wabandikaji lilitangulia wiki kadhaa likiwa na mabango na mapipa ya uji wa unga wa kubandikia, na mwenye ghala aliyetoa ukuta wake alipewa tiketi za bure. Sarakasi pinzani ikifika, ilibandika yake juu ya yale.

Kitu kimoja zaidi kinachoweza kuwafaa ni kadi ndogo za rangi za wenye maduka, zilizoenea hasa baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876. Mchapaji alichapa picha kwa wingi na kuacha nafasi tupu, kisha kila mwenye duka akaongezewa jina na mtaa wake kwa chapa ya kawaida. Watu walizikusanya na kuzibandika kwenye albamu, hivyo tangazo likakaa nyumbani kwao miaka. Nanyi chapeni picha moja nzuri yenye nafasi upande wa chini, ili kila usiku wa onyesho mwongeze tarehe, ukumbi na kiingilio bila kugharimia chapa ya rangi upya.

Kwa bango kubwa, niletee maneno kamili kwanza, yakiwa yamepangwa kwa umuhimu na si kwa urembo. Tarehe iwe mstari wa pili au wa tatu, kwa sababu watu wengi husahau kuitafuta ikiwa chini. Umbo la herufi tutalichagua tukishajua kila mstari una herufi ngapi.