Re: Fomu ya chama cha wafanyakazi, nijaze au niachane nayo?

Shikamooni wakubwa zangu. Nafanya kazi nyumba ya kutunza wazee hapa Uingereza, mwaka wa pili huu, na viza yangu imedhaminiwa na mwajiri. Juzi mwenzangu wa zamu ya usiku kanipa fomu ya chama cha wafanyakazi. Mchango ni wa kila mwezi, na nyumbani ada za wadogo zangu hazingoji. Halafu meneja akijua, si atanifungashia virago? Na kwa nini nilipe wakati sina kesi na mtu?
Mdogo wenu, Luton

---

Mdogo wangu, kujiunga si kosa. Sheria ya 1992 iko wazi: kumfukuza mtu kwa sababu ni mwanachama si halali. Na si lazima mchango ukatwe kwenye mshahara, unaweza kulipia benki, meneja asijue lolote. Mimi niliwahi kuitwa kikao cha nidhamu kwa kosa la daftari la dawa. Niliingia na mwakilishi wa chama, na sheria inaniruhusu. Sauti ya bosi ilishuka yenyewe.

Usidhani ni mambo ya leo. Makuli wa bandari ya London walikuwa wakigombania kazi getini kila asubuhi, mwingine anapata saa moja au mbili tu, anarudi nyumbani. Tofauti yao na sisi tunaokesha tukisubiri meseji ya ejensi ni simu. Mwaka 1889 waligoma wiki tano, wakapata peni sita kwa saa.
Dada yako, Barking

---

Marahaba mjukuu. Dada yako kajibu la sheria, mimi nitajibu hilo la "sina kesi na mtu".

Julai moja tulikwenda na basi mpaka Tolpuddle, kijiji kule Dorset. Vibarua sita wa mashamba walifungwa mwaka 1834. Ujira wao ulishushwa hadi shilingi saba kwa wiki, wakatishiwa sita. Wakaunda chama, kiongozi wao George Loveless, mhubiri wa Kimethodisti. Chama chenyewe kilikuwa halali tangu 1824! Basi wakatafutiwa sheria ya viapo ya 1797, iliyotungwa kwa ajili ya mabaharia walioasi, kisa waliapa kutunza siri. Wakahukumiwa miaka saba uhamishoni, Australia. Watu waliandamana London mpaka wakasamehewa mwaka 1836. Watano baadaye walihamia Kanada, wakawa wageni kama sisi. Mti ambao walikuwa wakikutana chini yake bado upo, nami nilikaa hapo hapo nikala sambusa zangu.

Lakini anayekuhusu wewe ni Jayaben Desai. Mama wa Kigujarati, mfupi, aliishi Tanzania kabla ya kuja huku. Agosti 1976 aligoma akatoka kwenye kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, Willesden, si mbali na kwangu, na wengi wa wenzake walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki. Wametoka, ndipo wanauliza: chama kiko wapi? Wakajiunga wakiwa tayari wako nje, na mwajiri akawafukuza wote, akakataa kukitambua chama. Wachimba makaa walikuja kusimama nao getini, watu wa posta wa Cricklewood wakagoma kugusa barua za kiwanda. Karibu miaka miwili. Julai 1978 wakaacha, mikono mitupu.

Simlaumu, nani alimwambia? Wewe umeambiwa. Vyama vingi havishiki kesi iliyoanza kabla hujajiunga. Jiunge sasa hivi, ukiwa huna kesi.
Babu wa Wembley

---

Asante Babu, asante dada. Nimejaza jana usiku. Nimekwama sehemu moja: wanauliza kazi yangu, na iliyoandikwa kwenye mkataba siyo ninayofanya. Niandike ipi?
Luton

---

Ehee! Usiandike kitu. Jumamosi njoo na mkataba na hati za mshahara za miezi yote.
Barking