Tupeane uzoefu: ni siku gani uhandisi ujenzi uliacha kuwa hesabu za daftarini?

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wanajamvi, mdogo wangu amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) na amechaguliwa kusomea uhandisi ujenzi kwa miaka minne. Kila jioni ananiuliza maswali, na mengi yanahusu alama, mkopo na ajira. Hayo nimeyajibu kadiri ninavyoweza. Ninachoshindwa kumweleza ni jinsi kozi hii inavyombadilisha mtu, kwa hiyo naomba kila aliyeipitia atusimulie siku moja tu, ile ambayo namba alizokuwa akiziandika zilianza kuwa na uzito wa kitu halisi. Naanza mimi.

Mwaka wa kwanza, katika somo la upimaji, kikundi chetu cha watu watano kilipewa levo, yaani chombo cha kulinganisha kimo cha ardhi, na fimbo ya kupimia, kikaambiwa kizunguke eneo la chuo kwa takriban kilomita moja, kianzie kwenye alama ya kudumu na kuishia pale pale. Ukianza na kumaliza mahali pamoja, jumla ya kupanda na kushuka inapaswa kuwa sifuri au karibu yake. Mwalimu alituruhusu kukosea milimita 12, nasi tukatoka na 84. Tulirudia kujumlisha mara tatu, kisha mmoja wetu akapendekeza tuigawe tofauti hiyo kidogo kidogo kwenye vituo vyote ili karatasi ipendeze. Mwalimu aliichukua fimbo, akaivuta hadi mwisho, akatuonyesha kiungo cha tatu: kitufe chake hakikuwa kimeingia kwenye tundu, na fimbo ilikuwa imeshuka bila sisi kugundua. Akatuuliza, ikiwa mtaro umepangiwa mteremko wa milimita 5 kwa kila mita, milimita 84 ni mteremko wa mita ngapi? Ni karibu mita 17. Katika mita hizo 17 maji ya mvua yangetuama, au yangetafuta njia kuelekea sebuleni kwa mtu. Tuliirudia kazi nzima siku iliyofuata juani, na hadi leo sishiki fimbo bila kupitisha kidole gumba kwenye kila kitufe.

Mchangiaji kutoka Mbeya

Nakushukuru kwa mada hii. Mimi niliingia chuo kikuu kupitia stashahada, na kabla ya hapo nilikuwa fundi. Kufunga nondo na kukata ringi nilikuwa nazijua kuliko wenzangu wote waliotoka kidato cha sita, ila hesabu zao zilinipita, na mwaka wa pili nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, katika somo la nadharia ya miundo. Wakati wa likizo nikijiandaa kuirudia, mwalimu mmoja aliniita ofisini, akachukua kipande cha sponji, akachora mistari iliyosimama ubavuni mwake, akakiweka juu ya vitabu viwili na kukikandamiza katikati. Mistari ilisogeleana juu na kuachana chini. Akaniambia kwamba zege huvumilia kubanwa lakini halivumilii kuvutwa, ndiyo maana nondo zangu miaka yote nilikuwa nazilaza chini ya boriti. Kisha akakishika kipande kile kwa upande mmoja tu, kama kibaraza kinachoning'inia nje ya ukuta, akakandamiza ncha yake. Safari hii mistari iliachana juu.

Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Nilikumbuka kibaraza kimoja nilichosaidia kukijenga nikiwa fundi, ambacho nondo zake kuu tulizilaza chini kwa sababu ndivyo tulivyozoea katika boriti. Wikiendi ile nilipanda basi kwenda kumwona mwenye nyumba, nikamweleza ukweli, tukakiwekea nguzo mbili kwa gharama tuliyochangia. Sapu niliifaulu. Kwa hiyo mdogo wako akikutana darasani na mtu aliyetoka kwenye ufundi, awe karibu naye, kwa maana mmoja ana mkono na mwingine ana hesabu.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Habari zenu, ndugu zangu. Yangu si ya kujivunia, lakini naiandika kwa kuwa umeomba ukweli.

Baada ya mwaka wa pili nilipangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye ujenzi wa jengo la ghorofa tatu. Nilikuwa binti pekee pale saiti. Msimamizi wa mafundi alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, mpole, aliyenipokea vizuri na kunifundisha mengi. Siku ya kumwaga zege la nguzo jua lilikuwa kali, mashine ya kuchanganyia ilisimama kidogo, na zege lilipoanza kuwa gumu kwenye matoroli, mzee yule aliagiza waongeze ndoo mbili za maji ili lishuke vizuri kwenye mbao. Niliona. Nilikuwa nimefundishwa wazi kwamba maji yanayozidi yale ambayo saruji inayahitaji hubaki ndani, hukauka baadaye na kuacha vijitundu, na kwamba kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu ya zege. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimemwamkia shikamoo, na sikuona namna ya kumwambia mtu mzima, mbele ya vibarua wake, kwamba anakosea. Jioni niliandika katika daftari langu la mafunzo: leo tumemwaga zege la nguzo nne.

Vipande vya majaribio vilichukuliwa kutoka kwenye zege lile lile, vya milimita 150 kila upande. Siku ya saba nilitumwa maabara kushuhudia. Nguvu iliyopangwa kwa siku 28 ilikuwa nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, na kwa siku ya saba tulitarajia walau thuluthi mbili, yaani mashine ifike karibu kilonyutoni 375 kabla kipande hakijapasuka. Mshale ulipanda taratibu, ukafika 250, kikasikika kishindo kidogo, ukarudi nyuma. Cha pili hivyo hivyo. Tukasubiri siku 28 kwa matumaini kwamba vitapanda, navyo vikapasuka kwenye 390, mahali ambapo vilitakiwa kuvuka 562. Mhandisi mkazi alizigonga nguzo kwa nyundo ya Schmidt, inayokadiria nguvu ya zege bila kulivunja, akachukua na sampuli za kuchimbwa, na majibu yakawa yale yale. Nguzo zote nne zilivunjwa. Kwa siku tatu nilisimama pale nikisikiliza nyundo, nikitazama nondo zikibaki uchi, na hakuna aliyenilaumu kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba niliona. Nilimweleza mhandisi mkazi mwishoni mwa wiki ile. Hakunikaripia. Alinipa koni ya kupimia slampu, yaani kiasi ambacho zege bichi hushuka koni ikinyanyuliwa, na kusema kwamba kuanzia siku ile hakuna toroli litakalomwagwa kabla sijalipima.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya, ambako shahada hii huchukua miaka mitano. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu ule udongo mweusi ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita wa mbuga. Unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na barabara au nyumba iliyowekwa juu yake bila matayarisho hunyanyuka na kushuka kila msimu. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiviringisha vijiuzi vya udongo juu ya kioo kwa kiganja, hadi vifikie unene wa milimita 3 vikiwa vinaanza kukatika, kisha naupima unyevu wake. Ni kazi ndogo inayochosha sana. Kipimo cha CBR, kinachoonyesha uwezo wa udongo kubeba barabara, nilikifanya baada ya kuloweka sampuli siku nne: udongo mtupu ulinipa asilimia 2, na nilipouchanganya na chokaa asilimia 6 ulinipa 11.

Siku yangu haikuwa maabara, bali ile niliyorudi nyumbani na kuuona ufa katika ukuta wa nyumba ya nyanya, yaani bibi yangu, ufa ambao tangu utotoni tuliambiwa ni kazi ya fundi mbaya. Nilichimba kando ya msingi kwa jembe, hatua chache tu, nikautambua udongo wangu. Fundi yule marehemu alikuwa amejenga vizuri, ila hakuna aliyewahi kuupima udongo aliojengea.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Nilikuwa mwanafunzi hapa jijini mwaka 2013. Tarehe 29 Machi, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, na watu 36 wakapoteza maisha. Tuliporudi darasani mwalimu hakufungua somo alilolipanga. Alichora nguzo moja ya jengo la kubuni, inayobeba eneo la mita 5 kwa 5 katika kila ghorofa, akatutaka tukokotoe. Jamvi, yaani bamba la zege, la unene wa milimita 150, sakafu na plasta, watu na samani: zilikuja takriban kilonyutoni 7 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu tani 18 kwa ghorofa. Zidisha kwa 16, nguzo moja inabeba karibu tani 290. Akasema tuongeze ghorofa mbili ambazo hazikuwamo kwenye mchoro, kisha tupunguze nguvu ya zege kwa thuluthi moja, halafu tumwambie kilichobaki. Hakuna aliyemaliza. Nilikuwa nimefanya hesabu za aina ile mara nyingi na kupata alama nzuri, lakini sikuwahi kuifikiria nguzo ikiwa na watu chini yake.

Kuhusu ajira, mdogo wako ajue kwamba shahada haimfanyi kuwa mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha anapaswa kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, na kuna mpango wa mafunzo hayo wa miaka mitatu ulioanza mwaka 2003. Mimi nilikaa mwaka mmoja na nusu bila nafasi, na sitamficha kwamba ulikuwa wakati mgumu.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Naongeza dogo tu la matumizi. Aweke akiba ya nauli na malazi ya mafunzo kwa vitendo mapema, kwani saiti nyingi ziko mbali na nyumbani, na anunue buti imara kabla ya kompyuta mpya.

Mleta mada, Dar es Salaam

Nawashukuru nyote. Mdogo wangu amesoma kila kitu, na ana swali moja kwa dada wa Mwanza: siku hizi ukiona maji yanaongezwa kwenye zege, unamwambiaje mzee?

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mwambie ni swali zuri, nami nililitafutia jibu kwa miaka miwili. Siku hizi siku ya zege nawahi kabla ya mashine kuwashwa. Namwamkia mzee, namuuliza hali ya nyumbani, kisha namwomba anishikie koni chini isitikisike wakati najaza tabaka tatu na kulishindilia kila moja mara 25. Tunainyanyua pamoja, zege linashuka, na yeye mwenyewe ndiye anayelaza rula na kunisomea kipimo. Ndoo ya maji huwa iko pembeni yetu, na mara nyingi yeye ndiye anayemwambia kijana aiondoe.