Tumebandikwa stika za rangi kwenye semina, sasa ndizo zinazotupangia kazi. Huu ni upuuzi!

Wakuu salaam. Nina hasira, mtanivumilia lugha ikichafuka.

Kampuni ninayofanyia kazi ni ya bima, jina nalihifadhi maana bado nakula pale. Waliita mwezeshaji aje "kutambua haiba za wafanyakazi". Tukajaza dodoso, tukapewa stika za kubandika kifuani, kila rangi na aina yake ya haiba: nyekundu koleriki, njano sangwini, buluu melankoliki, kijani flegmatiki. Mimi nikaangukia buluu. Tukacheka, tukapiga picha, tukala sambusa, nikajua yameishia pale. Kumbe wapi! Kabla mwezi haujaisha dada wa HR ananikabidhi barua: natolewa dawati la madai, napelekwa masjala, kwa kuwa haiba yangu "haiendani na kazi ya kukutana na wateja". Dawati nililokalia miaka yote hii, wateja wakifika mapokezi wananiulizia kwa jina! Hakuna aliyejisumbua kufungua faili langu la tathmini. Stika imetosha.

Nikamfuata. Umejuaje siwafai wateja? "Kwa sababu wewe ni melankoliki." Umejuaje ni melankoliki? "Si ulijibu mwenyewe kwamba unapenda utulivu?" Yaani jibu langu limepewa jina, halafu jina lile lile likageuzwa kuwa chanzo cha jibu. Ni sawa na daktari akuambie unakohoa kwa sababu wewe ni mkohoaji.

Na dodoso lenyewe sasa. Swali mojawapo: ukiwa kwenye sherehe, (a) unachangamana na watu wengi, au (b) unakaa na wachache unaowafahamu? Sherehe ipi, jamani? Harusi ya binamu yangu kipaza sauti nilishika mimi, watu hawakukaa. Hafla ya bodi ya kampuni nakaa kona na soda yangu, namwangalia bosi anacheza. Nikatia alama (b) kwa sababu nilikuwa najaza kazini, nikawaza za kazini. Kialama hicho ndicho kimeandikiwa barua.

Hili la "sherehe ipi" si ujanja wangu. Mwaka 1928 watafiti Hartshorne na May, huko Marekani, walitoa matokeo ya kuwapima uaminifu maelfu ya watoto wa shule. Mtoto aliyeibia kwenye mtihani hakuwa lazima ndiye anayedanganya kwenye mchezo au nyumbani. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel akawasha moto zaidi: ukichukua alama za mtu kwenye dodoso la haiba ukazilinganisha na anachokifanya kweli katika tukio moja, uhusiano mara nyingi unaishia kwenye 0.30 hivi, wakati 1 ndiyo kulingana kabisa. Wenzake wakamjibu, na walikuwa na hoja: tabia ya mtu huonekana ukimtazama katika matukio mengi, ukachukua wastani. Sawa kabisa, nakubali. Matukio yangu mengi yako wapi? Yako kwenye faili langu pale HR, wateja na malalamiko yao yote, lina vumbi!

Wakubwa wa fani hii wenyewe hawajaafikiana. Gordon Allport aliandika mwaka 1937 kwamba sifa ya haiba ni kitu halisi kilichomo ndani ya mtu, ndicho kinachomsukuma. Wengine wanasema hapana, ni muhtasari tu wa mambo anayoyafanya mara kwa mara, na muhtasari hausababishi kitu. Karibu karne moja sasa wanavutana. Mwezeshaji wetu kalimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Hizo aina nne nazo tunazijua zilikotoka. Ni za akina Galen, tabibu wa karne ya 2, walioamini haiba inatokana na majimaji manne ya mwili: damu (sangwini), nyongo ya njano (koleriki), nyongo nyeusi (melankoliki) na belghamu (flegmatiki). Kwa hiyo, kitabibu, mimi nimehamishwa kazi kwa kuzidiwa na nyongo nyeusi. Najua wa semina za ndoa watakuja kuzitetea, maana mchungaji wa Marekani Tim LaHaye alizisambaza sana makanisani kuanzia 1966. Wanaopima kwa umakini siku hizi hawakuweki kwenye boksi. Wanakupa alama kwenye mizani tano, na watu wengi wanaangukia katikati. Katikati hakuna stika.

"Mbona ilikupatia kabisa?" Kila mtu ukumbini alikuwa anapiga kelele hivyo, "huyu kanijua!" Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, mengi kayatoa kwenye kitabu cha nyota. Walipoulizwa yamewapatia kiasi gani, wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5. Mods, ndiyo maana naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa nyota, japo mtatamani.

Sasa wanasheria wa ajira humu: mkataba wangu umeandikwa ofisa madai, na hakuna aliyeniita kushauriana kabla ya barua. Naenda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) moja kwa moja au naanzia chama cha wafanyakazi? Na wanasaikolojia, nikiwataka waoneshe ushahidi kwamba dodoso lile linatabiri utendaji wa kazi ya madai, niandike vipi wasinikwepe? Jumatatu natakiwa nikabidhi dawati.